Kutoka Brooklyn Park hadi Wahkon: Ziwa la Kuvulia Juu ya Barafu

Jimbo la Minnesota lina maziwa 11,842 yenye ekari kumi au zaidi, na msimu wa baridi ukikolea karibu yote huganda. Kazi ya mvuvi hapa ni kuyakataa maziwa, moja baada ya jingine, mpaka libaki lile la kwenda. Sisi tuliianza kazi hiyo siku nne kabla ya safari, tukiwa mezani Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, mwezi Desemba, simu mkononi. Idara ya Maliasili ya Minnesota ina ukurasa uitwao LakeFinder: unaandika jina la ziwa, unapata ramani ya vina, samaki walionaswa katika nyavu za utafiti, mwaka waliopandikizwa vifaranga, na ushauri kuhusu kula samaki wa ziwa hilo. Asiyeupitia ukurasa huo anakwenda kubahatisha.

La kwanza kukataliwa lilikuwa kiziwa kilicho dakika kumi tu kutoka nyumbani. Ramani ilionyesha kina kisichozidi futi 9. Theluji ikilala juu ya barafu huzuia mwanga, majani ya chini ya maji huacha kutoa oksijeni, na yale yanayooza huila iliyopo. Katika ziwa la kina kifupi akiba hiyo huisha kabla ya Machi na samaki hufa kwa wingi. Baadhi ya viziwa hivyo huokolewa kwa mashine za kupuliza hewa majini, lakini mashine hiyo hiyo huweka maji wazi na barafu nyembamba kuizunguka. Ukiona bango la onyo la barafu nyembamba ufukweni, geuza gari.

Maziwa yenye kina kirefu nayo tuliyaweka kando, kwa kuwa Desemba ni mapema mno kwayo. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, na mazito hushuka. Ziwa lote sharti lipoe hadi hapo ndipo maji ya juu yaendelee kupoa na kuganda. Lenye kina kirefu huchelewa, na la kina kifupi hutangulia. Ndiyo maana Upper Red Lake, ambalo ni pana lakini kina chake ni kifupi, huvuta watu mapema kabisa. Tulilikataa vilevile. Ni zaidi ya saa nne kwa gari, sehemu ya magharibi ni mali ya Red Lake Nation, taifa la Waojibwe, wenyeji asilia wa huko, na mgeni haruhusiwi kuvua humo, na upana wake ni hatari barafu ikiwa changa: Desemba 2023 upepo ulilimega bamba la barafu pale na watu zaidi ya 100 wakahitaji kuokolewa.

Likabaki Mille Lacs, lenye ekari kama 132,000 na kina kisichozidi futi 42. Nalo ni pana mno, kwa hiyo tulichagua ghuba, si ziwa zima. Upepo wa magharibi ukiivuta barafu changa kutoka ufuko wa magharibi, maji hufunguka kati yako na nchi kavu. Ghuba ya Wahkon, upande wa kusini, imekingwa kuliko katikati ya ziwa na huganda mapema. Tukanunua leseni ya kuvua (kuanzia umri wa miaka 16 ni lazima) na kusoma upya kanuni za wolai, samaki mkuu wa huko mwenye jicho jeupe linalomeremeta kama la paka. Kanuni za Mille Lacs hubadilika mara kwa mara, kwa kuwa mavuno ya wolai hugawanywa kati ya jimbo na makabila ya Waojibwe kwa mkataba wa 1837, ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliuthibitisha 1999.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa barabara ya 169: Elk River, Princeton, Milaca, Onamia, kisha kulia kuifuata ya 27. Katika mji mdogo wa Wahkon tulisimama duka la chambo kabla ya jambo lolote. Visamaki hai vya chambo ni bei ndogo. Majibu ndiyo mali. Tuliuliza barafu ilipimwa inchi ngapi, wapi na lini; ufa mkubwa umepita wapi; na waliokwenda jana waliingilia wapi. Anayekujibu tu kwamba iko sawa, bila inchi wala mahali, hajakusaidia.

Mwongozo wa idara ni inchi 4 za barafu safi kwa mtu anayetembea, 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, 9 hadi 10 kwa gari dogo, 13 kwa pikapu. Hesabu hizo ni za barafu mpya, ngumu na angavu. Nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda, ina takriban nusu ya nguvu hiyo.

Gari tuliliacha nchi kavu. Kila mmoja alivaa jaketi la kuokolea, vikucha vya chuma chini ya viatu, na shingoni vipini viwili vyenye ncha kali vilivyofungwa kwa kamba. Ukitumbukia, unavichoma kwenye barafu na kujivuta kifudifudi kurudi ulikotoka, maana huko ndiko barafu ilikokubeba. Wa mbele alishika mtaimbo, akipiga kwa nguvu mbele yake kabla ya kila hatua chache. Barafu nene hujibu kwa mlio mkavu na mtaimbo hudunda. Ukisikia sauti nzito ya kulowa, au maji yakipanda kwa pigo moja au mawili, rudi kwa nyayo zako.

Kila hatua hamsini hivi tulitoboa kwa kekee ya inchi 8 na kupima. Rula ya chuma yenye kulabu mwishoni inaingizwa shimoni, kulabu inashika ukingo wa chini wa barafu, unasoma. Shimo la kwanza lilikuwa na tabaka mbili unazoweza kuzigusa kwa kidole: juu inchi 2 nyeupe, zenye viputo kama mkate, na chini inchi 5 angavu, nyeusi kwa kuwa unayaona maji kupitia humo. Zile nyeupe tulizihesabu moja, jumla 6. Mbele, karibu na ncha ya mawe iliyotokeza ziwani, zikashuka hadi 3. Ncha kama hiyo hubana mkondo, na maji yanayotembea hula barafu kwa chini. Tukazunguka mbali nayo.

Kupata kina, bana chubwi kwenye ndoana na uuteremshe mshipi hadi ulegee. Tulitoboa mashimo manane kwa mstari, kutoka futi 8 hadi 16, tukikatiza mahali majani yanapoishia. Mchana samaki waitwao perchi wa manjano walidaka chambo pale kwenye futi 14 (si sangara wa Ziwa Victoria, ingawa Waingereza humwita huyo perchi wa Naili). Chambo tulikiweka shubiri moja tu juu ya matope. Kwa perchi, mashimo mengi yana faida kuliko uvumilivu: dakika kumi na tano bila kuguswa, hama.

Kilichotusumbua ni kekee. Tuliiacha imelowa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ganda la barafu likavika makali, nayo ikawa inazunguka bila kukata. Usiyagonge makali hayo, yatapinda. Ichovye ndani ya shimo lililo wazi, maana maji ni ya moto kuliko hewa, kisha ikung'ute na kuifunika. Barafu laini inayojaa shimoni tuliichota kwa upawa wa matundu, la sivyo mshipi hugandia humo.

Jua lilizama saa kumi na nusu, na wolai wakaanza pale pale ulimwengu ulipoingia kiza, kwenye shimo la futi 10, ukingoni mwa majani. Wawili walikuja ndani ya nusu saa, kila mmoja akivuta polepole kama mzigo tu. Barafu ilianza kunguruma kutoka upande wa mji wa Isle, mashariki, mlio mrefu unaopita chini ya miguu. Baridi ya usiku huibana na kuipasua bila kuipunguzia unene, lakini tulipima tena njiani tulipokuwa tukirudi.

Ufukweni tulimwaga maji ya ziwa yaliyokuwa kwenye ndoo. Visamaki vilivyosalia tulivihamishia kwenye maji ya bomba tuliyobeba kutoka nyumbani, kama sheria inavyotaka, ili vijidudu vya Mille Lacs visifike ziwa jingine.