Mzee wa mshipi, bega likishonwa
Kano ya bega ikishashonwa, mkono huning'inizwa shingoni wiki 4 hadi 6, hata usingizini. Lala nusu umekaa, mto chini ya kiwiko. Vidole chezesha mapema visikakamae. Bega liinuliwe na mtaalamu wa viungo, si wewe.

Wavuvi huharibia wiki ya 8. Maumivu yamepungua, mzee anashika fimbo ya kuvulia, samaki anavuta ghafla, uzi wa kushonea unachana kano ambayo haijashikana sawasawa na mfupa. Mazoezi ya nguvu ni kuanzia kama wiki ya 12. Kurusha mshipi? Miezi 4 hadi 6, daktari akiruhusu, na fimbo nyepesi. Mpini wa rili (kifaa cha kukunjia mshipi) nyingi huhamishika upande wa pili, ila kuuzoea ni kazi.