Gazeti letu la Mbeya, tumeanza kulichora

Jana tumekaa watu wanne hapa Mwanjelwa mpaka saa tatu usiku tunapanga gazeti letu, kurasa 8 tu, litoke kila Alhamisi, na jamani nimefurahi mpaka usingizi umekata. Tumelichora kwa penseli kwenye manila. Mwenzetu mmoja alitaka ukurasa wa mbele uwe siasa za Dodoma, mi nikakataa kabisa, hizo zinakuja na magazeti ya Dar kila siku, ya kwetu huku nani anayaandika? Mi nataka lumbesa ikae mbele, mkulima wa Uyole anavyojaziwa gunia la viazi mpaka linaota kichwa juu halafu analipwa kama gunia la kawaida, nataka bei za mchele wa Kyela na ndizi za Tukuyu, foleni ya malori Tunduma mpakani (najua Songwe ni mkoa wake tangu 2016 ila biashara ni moja).

Leo asubuhi nikampelekea mama anayeniuziaga viazi ile karatasi ya mfano, akaishika mbali, akakunja macho, akasema mwanangu hizi herufi ni sisimizi. Basi fonti tunaongeza, habari mbili tunaziondoa ili nafasi itoshe, na safu ya misiba inabaki maana ndo aliyoiulizia kwanza.