Mtoto Humchuja Mtu Kabla ya Kumwiga

Husemwa mara kwa mara kwamba mtoto mdogo huiga chochote, kutoka kwa yeyote aliye mbele yake. Mimi naona huchagua, ila uchaguzi wake huanzia kwa mtu na si kwa kitendo.

Mwaka 2004 Melissa Koenig, Fabrice Clément na Paul Harris walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 3 na 4 walikutanishwa na watu wawili: mmoja alitaja sawasawa vitu ambavyo watoto walivifahamu, mwingine akaviita kwa majina yasiyo yake. Kilipoletwa kitu kigeni, na kila mmoja akakipa jina tofauti, watoto waliokuwa wamembaini mkosaji walielekea kulifuata jina la yule mkweli. Nyumbani kwetu mdogo wangu wa kiume humtania sana binti yangu, akimwonyesha kijiko na kudai ni kiatu. Siku binti alipookota kifumbu jikoni asikitambue, alimpita mjomba wake aliyeketi palepale mlangoni, akaenda kumuuliza bibi yake uani. (Mjomba alinuna kidogo.)

Mtu akishaaminiwa, mambo hubadilika. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten waliwalinganisha sokwe wadogo wa kisiwa cha Ngamba, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, na watoto wa Uskoti wa miaka 3 hadi 4. Mtu alikuwa akitoa zawadi kisandukuni kupitia tundu la mbele, baada ya kuchokoa kwanza kwa kijiti tundu la juu ambalo halikusaidia lolote. Kisanduku kilipokuwa hakionyeshi ndani, sokwe waliiga hatua zote. Kilipokuwa kinaonyesha, wengi wao waliacha kuchokoa juu, ilhali watoto waliendelea nako.

Wapo wanaocheka kwamba sokwe amemshinda mtoto akili. Sikubaliani nao, kwa sababu mengi tunayowafundisha watoto hayaonyeshi sababu yake machoni: vijidudu vinavyotufanya tunawe mikono kabla ya kula havionekani, na anayeloweka maharage usiku hana la kumwonyesha mtoto hadi kesho yake sufuria iwe motoni. Mtoto anayengoja kuelewa kwanza angebaki nyuma sana. Gharama yake ni kwamba hubeba na yasiyo na kazi: binti yangu hugonga mwiko mara mbili ukingoni mwa sufuria, kama bibi yake afanyavyo, hata sufuria ikiwa tupu.