Majaruba ya kina mama, Sumatra Magharibi

Niko Indonesia, kwa jamii ya Waminangkabau, kijiji cha wakulima wa mpunga karibu na mji wa Bukittinggi. Huku majaruba ya ukoo hayauzwi ovyo: yanatoka kwa mama kwenda kwa binti, na nyumba hali kadhalika. Bwana ndiye anayehamia kwa mkewe! Na ni Waislamu wa dhati. Mali aliyochuma mtu mwenyewe kwa kawaida hufuata sheria ya Kiislamu ya mirathi, ila ya ukoo haiguswi. Mama mwenyeji wangu alinipitisha kwenye matuta, tope hadi magotini, akanionyesha mpaka wao: mfereji mwembamba na mgomba mmoja. Mpunga umeanikwa kwenye turubai kando ya barabara, mjukuu anafukuza kuku kwa fimbo. Nawawaza shangazi zangu, walioondolewa shambani babu alipofariki. Iliniuma, na bado inaniuma.