Nilivyolipata ua la haidnora chini ya migunga

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kwamba nitafute majani yake, na aliyeutoa alijiita mjuzi wa mimea. Haidnora ya migunga, ambayo kitaalamu huitwa Hydnora abyssinica, haina jani hata moja wala klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea. Hukaa ardhini ikinyonya mizizi ya mgunga, na kinachojitokeza ni ua peke yake, tena baada ya mvua za kutosha. Mshauri mwingine alinitaka nichimbe mpaka nikutane nayo. Nilikataa kabisa, kwa sababu shina lake la ardhini likitenganishwa na mzizi unaolilisha, hakuna ua litakalochanua.

Msimu wa kwanza nilitegemea macho, na kila kilichoinua udongo kilinipandisha roho bure: uyoga, kichuguu kichanga, mara nyingine kinyesi kikavu kilichofunikwa na vumbi. Mpita njia aliyenikuta nimelala kifudifudi aliniuliza kwa upole kama nimepoteza pete, nami nikamjibu kuwa natafuta ua, jibu lililomfanya aongeze mwendo. Nilijifariji kwamba hata Carl Peter Thunberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, alipoieleza haidnora ya kusini mwa Afrika mwaka 1775, aliidhani kuwa aina ya kuvu.

Ujanja ulioniokoa ni wa pua. Ua hili hutoa harufu ya mzoga ili kuwavuta mbawakavu wanaobeba chavua yake, kwa hiyo nilianza kutembea nikiukabili upepo mwepesi, na kila harufu ilipopotea nilirudi nyuma hadi nilipoisikia tena, kisha nikasogea pembeni kidogo kidogo. Hatimaye nilifika penye udongo uliopasuka, na katikati ya ufa huo palisimama ua nene, kahawia na lenye magamba kwa nje, jekundu kwa ndani, huku mbawakavu wakiingia na kutoka kana kwamba wamealikwa karamuni.

Kulipiga picha kulikuwa rahisi nilipogeuza simu juu chini ili kamera iguse ardhi, na tochi nikaimulikia ubavuni. Gharama yote haikuzidi mafuta ya pikipiki na sabuni nyingi ya kufulia, maana shati nililolivaa siku hiyo lilikataliwa kuingizwa ndani ya nyumba.