Baba na Bond wake wa mwisho

Jana usiku nimeirudia No Time to Die, filamu ya jasusi James Bond, na machozi yamenitoka tena. Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba 2021, hapa Nairobi, kafyu ya korona ya saa nne usiku bado ipo. Filamu yenyewe ni dakika 163, kwa hivyo nilimchukua Baba mapema, tukaingia ukumbini saa nane mchana, barakoa usoni, kiti kitupu katikati yetu.

Baba ndiye aliyenipandikiza mapenzi ya Bond. Mfululizo ulianza 1962, Sean Connery akiigiza Bond, naye Baba alikuwa na kanda zake za video ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa. Hii ilikuwa filamu ya 25, na ya tano na ya mwisho kwa Daniel Craig kuigiza Bond.

Kule mwanzoni, gari la Bond, Aston Martin, limezingirwa uwanjani Matera, Italia, risasi zinagonga vioo, Bond ameketi kimya kabisa huku mpenzi wake Madeleine akimsihi afanye jambo. Baba alishika bisi mkononi, asizitie kinywani. Kwangu mimi, kimya kile kinashinda milipuko yote iliyofuata. Adui Safin, kusema kweli, hakunigusa sana.

Halafu ule mwisho kisiwani: Bond ana kisesere cha binti yake, makombora yanakuja. Taa zilipowaka Baba alikuwa hajainuka, miwani imejaa ukungu.

"Amekufa akiwa mzazi," akaniambia.

Tukapanda matatu. Hadi Buruburu hakuongeza neno, ila mkono wangu hakuuachia.