Saa 24 Namanga: Habari Moja, Nchi Mbili

Saa 11 alfajiri. Simu kutoka upande wa Longido, Tanzania. "Papa, supa," naamkia. Mzee anaitikia, kisha ananiambia ng'ombe wanaochungwa na mpwa wake wamezuiliwa. Hasemi "wamevuka mpaka", anasema wamefuata maji. Nikimuuliza idadi anachukia. Ng'ombe hawahesabiwi kwenye simu. Anawataja kwa rangi mmoja mmoja, nami naandika.

Saa 3 asubuhi niko getini, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania hapa Namanga. Redio yetu ya Kajiado, upande wa Kenya, hutangaza kwa Kimaa, lugha ya Wamasai. Ng'ambo, Tanzania, kanuni zinataka Kiswahili au Kiingereza, lakini mawimbi hayaombi pasipoti, kwa hiyo nina wasikilizaji Tanzania. Kadi yangu ya uanahabari ndiyo isiyovuka: sheria yao ya mwaka 2016 inadai ithibati ya kwao. Mwenzangu wa huko anarekodi, ananitumia sauti kwa WhatsApp. Mimi nikivuka, navuka kama mgeni anayekwenda kusalimia. (Nilisalimia kweli. Chai ilikuwa nzuri.)

Saa 6 mchana, ofisi inayohusika inasema taarifa itatoka. Haikutoka.

Saa 9 alasiri ndipo kazi yenyewe. Mhariri anataka kichwa: "Mifugo ya Kenya yakamatwa Tanzania." Ya Kenya kivipi? Mwenye ng'ombe anaishi Longido, mchungaji ni mpwa wake wa Oloitokitok, Kenya, na wote ni Ilkisonko, ukoo mmoja wa Wamasai. Mstari huu wa mpaka walipatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Mhariri ananikumbusha 2017, Tanzania ilipopiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 waliotoka Kenya na kuchoma vifaranga 6,400 hapa hapa Namanga. Nakumbuka. Nakumbuka pia magazeti yalivyoandika "wavamizi" kana kwamba neno hilo halina mwenyewe. Tunabishana karibu saa nzima. Mwishowe anakubali "mifugo ya familia moja ya mpakani", ila anataka idadi. Namwambia sina. Ananiona mzembe, namwachia.

Saa 1 usiku tunakwenda hewani. Nasoma zile rangi zote kama mzee alivyozitaja, dakika nzima ya matangazo. Fundi mitambo ananikodolea macho.

Saa 3 usiku simu tena. Mzee amesikiliza mwanzo hadi mwisho.

"Umemsahau yule wa kijivu, mwenye pembe moja."